Haki ya Kuambiwa katika Kisiwa cha Karvela

Karvela haimo katika ramani za shule, na aliyefika huko hana haja ya kubishana na asiyefika. Mzee Msabaha alifika. Alifikaje ni habari ndefu isiyo na faida. Yatosha kujua kwamba alikuwa na miaka sabini na mmoja, kwamba viatu alivyovaa vilikuwa vya tatu mwaka ule, na kwamba alikuwa na maradhi ya miguu ambayo wengine huyaita hamu: akilala mahali siku nne, ya tano inamkuta njiani. Elimu yake aliiokota vipande vipande, juzuu mbili chuoni, darasa la tatu kwa mapadri, na iliyobaki kwenye makaratasi ya kufungia sukari. Mengine yote aliyoyajua aliyajua kwa kupita.

Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba. Pwani yake ni magenge meupe, na chini ya magenge yamo mapango ambayo maji yake yana rangi ya samawati iliyokolea, kama kwamba mtu amemwaga dawa ya kutia nguo rangi. Juu ya rasi iko ngome ya wafalme waliosahauliwa majina. Kati ya ngome na mapango ziko bustani, zimejengwa ngazi kwa ngazi mpaka ukingoni mwa bahari, malimau na mikomamanga na mitini, na harufu ya rozimari ambayo mtu huibeba kwenye nguo siku mbili. Mtu angetarajia wenyeji wa mahali kama pale wakae vibarazani wakitazama. Lakini nyumba zote za Karvela zimeipa bahari mgongo. Hakuna dirisha hata moja upande wa maji. Kwenye barabara ya pwani watu huvaa kofia zenye kitambaa kinachoning'inia shavuni, shavu la upande wa bahari. Wakienda sokoni kitambaa kiko kulia, wakirudi wanakihamishia kushoto. Punda nao wamevalishwa.

Sababu yake alielezwa siku ya kwanza na msimamizi wa lango, mtu mnene aliyesema taratibu kama anayesomea mtoto. Zamani, alisema, watu wa kisiwa walikuwa wakitazama ovyo. Siku moja ya sikukuu mji mzima ulipanda ngomeni, wakatazama kutwa. Mwanachuoni mmoja alikuwa ameupima ukuta kwa kamba siku moja kabla. Akaupima tena siku ya pili yake, akaona umepungua kidole kimoja na nusu. Ikathibitika kwamba jicho hula jiwe, polepole, kama maji. Hakuna aliyeuliza kama ile kamba ilinyeshewa. Halmashauri ikapiga marufuku wenyeji kutazama kitu chochote kizuri kilichoandikwa katika Orodha, kwa kuwa mwenyeji yuko hapo kila siku na jicho lake ni la kudumu. Mgeni ni ruhusa, kwa kuwa mgeni hutazama mara moja akaenda zake, na hasara yake ni ndogo.

Mzee Msabaha aliuliza kuhusu paka, maana alimwona mmoja juu ya ukuta wa bustani ameikazia macho bahari. Msimamizi akakubali kwamba ni swali zito. Halmashauri ililijadili miaka kumi na mmoja, wajumbe wawili wakafa kabla ya kura, na mwisho ikaamuliwa kwamba paka huona lakini hasifu, na kisichosifiwa hakidhuriki. Suala la kuiota bustani usingizini lilikuwa bado liko kamatini.

"Na wewe mwenyewe unayezilinda bustani hizi," Mzee Msabaha akauliza, "hujawahi kuziona?"

Msimamizi akaudhika kidogo. Alisema yeye ni mtu wa dhamana, na babake pia alikuwa mtu wa dhamana, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuona kitu.

Wageni hupewa kiongozi. Kundi la Mzee Msabaha, watu tisa, lilipewa Bi Zenovia, mwanamke wa miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya kufika mbali. Alitembea mbele yao akiwa ameshika kamba iliyofungwa kwenye nguzo za barabara, kitambaa kikiwa kimemfunika shavu, akieleza kwa moyo mambo ambayo hajawahi kuyatia machoni. Maneno aliyarithi kwa kiongozi aliyemtangulia, na yule kwa aliyemtangulia.

Walipofika juu ya mapango alisimama, akageuza mgongo, akanyoosha mkono nyuma. "Hapo mbele yenu ni Upinde wa Mwamba," akasema, "mkubwa kuliko milango yote ya dunia. Mashua saba huweza kupita chini yake sambamba. Tafadhali tazameni kwa kiasi."

Hapakuwa na upinde. Palikuwa na visiki viwili vya mwamba, kimoja huku, kimoja kule, na katikati maji yakipiga povu juu ya mawe yaliyoanguka zamani, yaliyokwisha kuota mwani. Wageni wakatazamana. Mama mmoja mwenye mwavuli akasema kwa adabu kwamba unapendeza mno. Mwingine akaafiki.  Mzee Msabaha aliwaza kwamba hata akisema, upinde hautasimama, na wao kesho wameondoka. Bi Zenovia akashukuru, akaishika kamba, wakaendelea.

Njiani Bi Zenovia alikuja kutembea pamoja na Mzee, maana walikuwa rika na wengine walikuwa mbio. Akamtania viatu vyake, akasema vinaonekana vimetoka kwao kabla yake. Mzee akamjibu kwamba angalau vyenyewe huangalia vinakokwenda. Akacheka mpaka kitambaa kikatikisika. Baada ya hatua kama ishirini akamweleza shida yake.

Sheria ya Karvela, pamoja na ukali wake, ina huruma moja. Mwenyeji akifika sitini hupata haki ya kuambiwa. Huchagua kitu kimoja katika Orodha na mgeni mmoja wa kukitazama kwa niaba yake, na kesho yake mgeni humweleza alichokiona mbele ya karani, ikaandikwa. Ni mara moja tu maishani. Mgeni akishapita langoni na jina la mwenyeji kwenye kibali chake, haki hiyo imetumika, iwe itakavyokuwa.

Bi Zenovia alikuwa ameitunza haki yake miaka minne. Babake alikuwa fundi wa vigae. Ndiye aliyelitengeneza benchi la Bustani ya Chini, lile linalozunguka birika, na kwenye egemeo lake alichora wanawake kumi na saba wakibeba vikapu vya malimau. Wa tatu kutoka kushoto ni mama yake Zenovia. Mama huyo alikufa kwa homa Zenovia akiwa na mwaka mmoja na nusu. Bustani ikaingizwa katika Orodha alipokuwa na miaka minne, na alichobaki nacho ni ubaridi wa vigae kwenye mapaja. Picha nyingine hakuna. Watunza bustani, wanaofanya kazi wamefungwa macho, aliwahi kuwaomba wapapase. Wakamwambia kigae ni kigae, laini kama kingine.

"Babako hakukueleza?"

"Baba alikuwa mtu wa mkono, si wa mdomo. Kila nikimuuliza ananiambia, utakuja kuona mwenyewe." Akavuta kamba. "Sitaki mengi, kaka. Niambie sura yake. Na niambie anatazama huku tuliko sisi, au anatazama pembeni."

Mzee akamuuliza kwa nini amchague yeye, wageni wote hawa. Akasema amewakataa wengi: mmoja aliongea sana, wawili walikuwa wapya kwenye ndoa, mwingine aliuliza mara tatu chakula kitaliwa saa ngapi. "Wewe umetembea dunia," akasema. "Mtu aliyetembea hivyo lazima amejifunza kutazama."

Mzee Msabaha hakuwahi kusifiwa jambo kubwa namna ile. Akakubali papo hapo, na jina la Zenovia likaandikwa kwenye kibali chake.

Bustani ya Chini ina ngazi saba. Mzee aliingia akiwa na nia njema kabisa. Ngazi ya kwanza kulikuwa na sanamu zisizo na pua, na kibao kilichoeleza kwamba pua hizo zimetazamwa zikaisha. Akasimama, akacheka peke yake. Ya pili ilikuwa na njia ya maji iliyochongwa jiweni, maji yakishuka yakigeuka yakishuka, akayafuata. Ya tatu, ya nne, mikomamanga. Kufikia ya sita miguu ilimuuma vibaya, na ya saba ilipofunguka mbele yake, bahari yote kwa mpigo mmoja, akatafuta pa kukaa. Palikuwa na benchi la baridi lililozunguka birika. Akakaa. Akaegemea.

Upande wa mashariki, mbali, aliona kisiwa kingine. Kilikuwa chembamba kama moshi, kina vilele viwili. Akamuuliza mama wa mwavuli jina lake, hakujua. Akamuuliza bwana mmoja aliyekuwa akila tini, naye hakujua, na kutojua kwao kukamtia hamu. Akaanza kuhesabu: meli ya saa tisa kesho, pengine inapitia kule, na kama haipitii, itapita karibu, na kule patakuwa na maji ya kunywa, maana pana milima. Jua lilikuwa zuri. Alikaa pale muda wote uliobaki, akitazama mahali asipokuwapo, huku mgongo wake umemwegemea mama yake Zenovia au mmojawapo wa wale wengine.

Kengele ikalia. Wageni wakapanda ngazi, naye nyuma yao. Alikumbuka alichotumwa alipokuwa ameshavuka lango, alipoiona kofia ya Zenovia kando ya nguzo, na mikono yake miwili imeshika kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Aligeuka palepale. Mlinzi akamwonyesha kibali chake, kilichokwisha kutobolewa. Mzee akamwomba dakika moja, nusu dakika, akasema amesahau kitu. Mlinzi akasema kwa upole kwamba vitu vyote vya ndani ni vya bustani, na jicho lake limeshatumika.

Bi Zenovia hakumuuliza neno. Sheria hairuhusu mpaka mbele ya karani. Alimwambia tu kwamba usiku ule hatalala, akamtengenezea kola ya koti iliyokuwa imepinda.

Jioni, mezani, Mzee aliwauliza wenzake kuhusu benchi. Mama wa mwavuli alikumbuka lina samaki. Bwana wa tini akasema ni wanawake, tena wengi, lakini sura hakuziangalia. Wa tatu akaapa kwamba pale hapakuwa na benchi kabisa.

Nyumba ya Kuambiwa ni chumba kimoja chenye meza na daftari kubwa. Karani aliitwa Tavro, kijana mwenye ndevu chache na heshima nyingi. Akawaketisha uso kwa uso, akamwambia Bi Zenovia avue kofia, kwa kuwa anayeambiwa haambiwi kupitia kitambaa. Zenovia akavua. Ndipo Mzee Msabaha alipouona uso wake wote kwa mara ya kwanza, na alishangaa kwamba tangu jana alikuwa akiongea na nusu yake.

Alikuwa amekuja na maneno ya kweli. Ameyapanga njiani: dada, nimekukosea, nilikaa, nilichoka, sikutazama. Lakini Zenovia alikuwa ameinama mbele kidogo, midomo imeachana, kama mtu anayengoja kulishwa. Na kweli ile, alijiambia, itampa nini? Haki imeshatumika. Itamwacha mikono mitupu mbele ya karani, tena kwa sababu ya miguu ya mtu mwingine.

Basi akamtazama. Alimtazama kama ambavyo hakuwahi kutazama ngome wala mlima. Akaanza kusema kile alichokiona. Alisema paji la uso ni pana, na nywele zimeanzia juu. Alisema nyusi ya kushoto imeinuka kuliko ya kulia, kana kwamba anauliza jambo. Chini ya jicho moja kuna alama ndogo kama punje ya mtama. Meno ya mbele yana mwanya. Shingo ndefu. Kalamu ya karani ilikwaruza ikinyamaza ikikwaruza.

"Anatazama wapi?" akauliza Zenovia.

"Anatazama huku."

"Ananitazama mimi?"

"Anakutazama wewe," akasema Mzee Msabaha.

Zenovia akajishika kidevu. Akaupitisha mkono shavuni polepole, akafika kwenye ile alama iliyo chini ya jicho, kidole kikasimama hapo. Hakulia. Aliinuka, akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza daftarini, akatoka nje bila kofia. Huko nje majirani zake walikuwa wakimngoja, na sauti yake ya kufika mbali ikaanza kuwasimulia.

Karani Tavro alikausha ukurasa kwa unga wa chokaa. Alikuwa amefurahi. Akamwambia Mzee kwamba maelezo safi kama yale ni nadra, na kwamba wageni wengine huwatia taabu. Mwaka juzi mmoja alitumwa akatazame mchoro wa dari katika kanisa dogo la kule rasini. Akarudi akasema waziwazi kwamba hakuuona, alikuwa akifunga kamba ya kiatu.

"Ikawaje?" akauliza Mzee.

"Tukafanya inavyotakiwa. Kitu ambacho mgeni mwenye ruhusa hakukiona hakistahili ulinzi. Kikafutwa kwenye Orodha." Akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili. "Sasa kila mtu anaingia pale na kutazama dari anavyotaka. Bibi aliyemtuma anakwenda na kiti chake kila asubuhi. Kifungu hicho hatukisomi hadharani, mzee wangu. Tukikisoma, kila mtu atatafuta mgeni kipofu."

 Mzee Msabaha akauliza, kama anayeuliza habari za watu wengine, itakuwaje mgeni akija kusema kwamba alichokieleza hakukiona.

Tavro alifikiri. Alisema haijapata kutokea, ila sheria ipo. Daftari halifungwi mpaka meli ya mgeni ing'oe nanga. Kabla ya hapo anaweza kuja akaikana kauli yake, na kitu kitafutwa kama kawaida, na aliyemtuma ataruhusiwa kwenda kukitazama mwenyewe. "Lakini mgeni aliyesema uongo si mgeni tena," akasema. "Huyo ameshakuwa mtu wa hapa. Anavalishwa kofia, anapewa chumba, anakaa."

"Anakaa mpaka lini?"

"Anakaa," Tavro akarudia, kana kwamba neno lenyewe linatosha.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Meli ilikuwa ya saa tisa. Saa tano nzima Mzee Msabaha alizitembea katika mitaa ya Karvela, kati ya kuta zisizo na madirisha, na yale aliyoyawaza hayakuwa mengi, ila yalijirudia. Alijiuliza ana nini kule anakokwenda, akaona hana kitu. Hapakuwa na mke anayemngoja, wala nyumba, wala mtu anayejua kama yuko hai. Chumba chenye kitanda na jirani wa kutaniana naye viatu ni zaidi ya alivyopata popote. Alijiambia mara kadhaa kwamba atarudi kwa karani. Mara mbili alifika mlangoni. Mara ya pili Tavro alimwona, akamkaribisha chai, naye akasema ahsante, anapita tu.

Bi Zenovia alikuja gatini kumuaga. Wenyeji huaga wakiwa wameipa meli mgongo, hivyo alisimama akielekea mji, na Mzee akalazimika kuja mbele yake ili waonane. Kofia ameishika mkononi. Siku ya kuambiwa mtu husamehewa. Alikuwa amemletea tini zilizofungwa kwenye jani. Alisema tangu asubuhi amekaa na ile sura, na jambo la ajabu ni kwamba haimpi ugeni, ni kama alikuwa akiijua siku zote. Majirani wamemwambia hivyo hivyo. Kioo hakuwa nacho nyumbani, kwa kuwa kioo kikielekezwa vibaya huweza kuonyesha bahari, na Halmashauri ilivikusanya vyote alipokuwa msichana.

Nyuma yake kamba za meli zilikuwa zikifunguliwa. Palikuwa na hatua thelathini mpaka Nyumba ya Kuambiwa, na mlango wake ulikuwa wazi.

"Kaka, kitu kimoja nilisahau kukuuliza," akasema Zenovia. "Mdomo wake. Umefungwa tu, au anataka kucheka?"

Mzee Msabaha akautazama mdomo wake, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuutazama. Ulikuwa unatetemeka kidogo pembeni, upande wa kushoto.

"Anataka kucheka," akasema.

Akapokea tini, akapanda. Meli ilipozunguka rasi, wageni wote walikimbilia upande mmoja, maana kutoka majini Bustani ya Chini huonekana yote, ngazi zote saba, mpaka birika lenyewe na benchi lake likimetameta kwa jua la alasiri. Mama wa mwavuli alimwita mara mbili, akamwambia amemwekea nafasi. Mzee Msabaha alibaki upande wa pili, amekalia mzigo wake, na tini mikononi, akitazama maji matupu.